Fundi wa Banda la Nyuma na Mkewe Eleanor

Wale ambao mwezi uliopita mlinuniana na wenza wenu kwa sababu ya ile mada ya akaunti za siri, naamini mmeshapatana. Kama bado, omba msamaha kwanza halafu uje usome.

Mwezi huu nilishapanga kuzungumzia wakwe. Nimeahirisha, na aliyenifanya niahirishe ni dada mmoja aliyenitumia meseji usiku wa manane. Kwa ruhusa yake naiweka hapa: "Dada, mume wangu ni injinia, ana kazi nzuri tu na mshahara unaingia. Shida ni kwamba kuna mashine anaibuni mwenyewe. Kila akirudi yuko stoo anagongagonga mpaka saa sita. Juzi kaniambia anataka kuacha kazi ili aimalizie. Tuna watoto wawili na kodi ya nyumba. Nimkubalie au niwaite wazee?"

Jamani, meseji hiyo niliisoma mara tatu. Nikataka kumjibu haraka "waite wazee", maana nimeona wanaume walioacha kazi kwa ajili ya wazo, wazo likafa, na ndoa ikalifuata kaburini. Lakini kabla sijabonyeza, nikamkumbuka mzee mmoja ambaye sikuwahi kumwona hata kwa mbali, ila nina deni lake kubwa. Huyo mzee naye alikuwa injinia wa kugongagonga, naye aliacha kazi akiwa na mke na watoto. Anaitwa Wilson Greatbatch, Mmarekani, alifariki Septemba 27, 2011 akiwa na miaka 92.

Deni lenyewe ni hili. Shangazi yangu, yule aliyenilea miaka ya sekondari, alianza kuzimia bila sababu. Anakwenda jikoni, anaanguka. Yuko kwenye ibada, anaanguka. Mtaani wakaanza maneno yao, mnayajua, mara karogwa, mara kifafa cha ukubwani. Alipopimwa ikaonekana moyo wake unapiga mara 35 kwa dakika, wakati mtu mzima aliyetulia anatakiwa awe na mapigo kati ya 60 na 100. Akafanyiwa upasuaji mdogo, akawekewa kifaa chini ya ngozi karibu na bega, chenye waya mwembamba unaoshuka mpaka ndani ya moyo. Siku hizi kazi hiyo inafanyika hapahapa Dar es Salaam, kwenye Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete iliyoanza mwaka 2015. Watu wanakiita betri ya moyo. Shangazi anakiita "mgeni wangu". Tangu amwekewe huyo mgeni hajaanguka tena, na sauti yake ya kugombeza wajukuu imerudi kama zamani.

Sasa mimi ni mtu wa kuuliza. Nilipouliza nani alitengeneza kitu hiki, ndipo nikakutana na Greatbatch, na nilipoendelea kusoma nikakutana na Eleanor. Na hapo ndipo na sisi wa safu ya mapenzi tunapoingia.

Wilson alizaliwa Septemba 6, 1919 mjini Buffalo, jimbo la New York, karibu kabisa na mpaka wa Kanada. Baba yake alikuwa mkandarasi wa ujenzi. Kijana akapenda redio kama vijana wa leo wanavyopenda simu, tofauti ni kwamba yeye alizifungua na kuzifunga tena zikaimba. Vita Kuu ya Pili ikamkuta, akaingia jeshi la majini, akashughulika na redio na kurushwa kwenye ndege za mashambulizi. Mwaka 1945 akamuoa Eleanor Wright. Baadaye wakajaaliwa watoto watano.

Alipotoka jeshini alisoma uhandisi wa umeme Chuo Kikuu cha Cornell kwa msaada ambao serikali ya Marekani iliwapa askari waliorudi vitani, akamaliza mwaka 1950. Msifikirie alikuwa mwanafunzi wa bweni anayekula ugali wa bure. Alikuwa na familia ya kulisha, kwa hiyo alifanya vibarua huku anasoma. Kibarua kimojawapo kilikuwa kwenye shamba la utafiti wa tabia za wanyama, anafunga vifaa vya kupima mapigo na shinikizo la damu kwa kondoo na mbuzi. Hapo shambani, wakati wa chakula cha mchana, akakaa na madaktari wawili wa upasuaji wakampigia stori za ugonjwa ambao umeme wa moyo unakatikia njiani. Sehemu ya juu ya moyo inatoa amri ya kupiga, sehemu ya chini haiisikii. Mgonjwa anazimia, na siku moja haamki. Wilson akasikiliza akiwa na chakula mkononi, akajisemea moyoni kwamba hili ni tatizo la fundi wa redio.

Wakati ule mashine za kusaidia mapigo zilikuwepo, lakini zilikuwa nje ya mwili. Mwaka 1952 daktari mmoja wa Boston, Paul Zoll, alionyesha kwamba moyo unaweza kuendeshwa kwa shoti za umeme zinazopitishwa kifuani, juu ya ngozi. Ilifanya kazi, ila iliuma na kuunguza, na mashine ilichomekwa ukutani. Yaani uhai wako unaishia pale urefu wa waya unapoishia, na umeme ukikatika... sisi wa nchi za mgawo hatuhitaji kuelezwa zaidi.

Miaka ikapita. Mwishoni mwa miaka ya 1950, Wilson akiwa anafundisha Chuo Kikuu cha Buffalo, alikuwa anaunda kifaa cha kurekodi sauti za moyo. Akaingiza mkono kwenye boksi la rezista, vile vidude vidogo vinavyopunguza umeme, ambavyo thamani yake inasomwa kwa mistari ya rangi. Alihitaji ya omu 10,000, yenye kahawia, nyeusi na chungwa. Akachukua ya omu 1,000,000, yenye kahawia, nyeusi na kijani. Makosa ya rangi moja tu. Alipowasha, saketi haikurekodi chochote. Ikatoa mpigo mfupi kuliko kupepesa jicho, ikanyamaza sekunde nzima, ikatoa mwingine, ikanyamaza. Fundi mwingine angetukana, angeitoa na kutafuta ile sahihi. Yeye akabaki ameikodolea macho, kwa sababu masikio yake yalikuwa bado na zile stori za shambani. Huo ulikuwa mwendo wa moyo.

Akaupeleka kwa daktari wa upasuaji, William Chardack, kwenye hospitali ya wanajeshi wastaafu mjini Buffalo. Daktari akamwambia, kama kweli unaweza kutengeneza kitu hicho kikaingia ndani ya mtu, utaokoa watu elfu kumi kwa mwaka. Mei 7, 1958 wakagusisha nyaya mbili kwenye moyo wa mbwa, na kile kidude kikashika uongozi wa mapigo. Kikadumu saa nne. Kilikuwa kimezungushiwa selotepu ya umeme, na maji ya mwilini yakapenya. Mwili wa kiumbe, kumbe, ni mkali kwa vifaa kuliko mvua za masika. Ikabidi wahamie kwenye gundi ngumu, kifaa chote kinamwagiwa na kugandishwa humo ndani.

Sasa tulia hapa, dada wa meseji, maana hapa ndipo stori yako inapoanza.

Wilson alikuwa na kazi na mshahara. Kazi ya kifaa cha moyo ikawa inahitaji muda wake wote, na hakuna aliyekuwa anamlipa kwa ajili yake. Akaamua kuacha kazi zote. Alikuwa mtu wa kanisani, kwa hiyo alianza na maombi, lakini hakuishia kwenye maombi. Akaweka hesabu mezani: dola 2,000 za akiba kwa ajili ya kazi yenyewe, na chakula cha familia kwa miaka miwili pembeni. Bustani ya mboga wakailima wenyewe. Karakana ikawa banda lililokuwa nyuma ya nyumba yao huko Clarence, nje ya Buffalo, banda la mbao linalopashwa moto kwa kuni, na baridi ya kule, waulizeni ndugu zenu walioko huko, si ya mchezo.

Umeona tofauti? Hakusema "mke wangu niamini, mambo yatajipa". Alisema pesa ni kiasi hiki, muda ni huu, na mboga zitatoka pale. Wanaume wangu wapendwa, mnapokuja na wazo saa tano usiku, mke hakatai wazo. Anachotafuta gizani ni bustani, na haioni.

Lakini kilichonigusa zaidi ni chumba chao cha kulala. Transista za miaka ile zilikuwa hazitabiriki. Moja inafanya kazi vizuri leo, kesho inazimika, na kwenye redio ukifa wimbo unapiga kibao boksi linaendelea. Ndani ya kifua cha mtu huwezi kupiga kibao. Kwa hiyo kila transista ilibidi iteswe kwanza kwa joto na kwa kugongwa, ili mbovu ifie nyumbani isije ikafia kwa mgonjwa. Wilson akafunga oveni mbili za majaribio, na akazifunga chumbani wanakolala. Aliyefanya sehemu kubwa ya majaribio hayo alikuwa Eleanor. Wilson mwenyewe alisimulia baadaye kwamba asubuhi nyingi aliamshwa na mlio wa mkewe akigonga transista kwa penseli iliyopimwa uzito wake, tap, tap, tap, anaangalia ipi itaruka.

Nimejaribu kuipata picha hiyo. Asubuhi, watoto bado hawajaamka, mama yuko na gauni la kulalia, oveni inafuka joto pembeni ya kitanda, anagonga kidude kidogo kama punje ya maharage kwa penseli, anaandika, anachukua kingine. Wangapi kati yetu tungekubali? Mimi mume wangu akiacha bisibisi juu ya kabati la vipodozi tunakosana mpaka Jumapili.

Magazeti yalipoandika habari za Wilson Greatbatch yaliandika mvumbuzi, fikra, bahati, rezista. Eleanor alipata mstari mmoja, mara nyingi wa mwisho, pale pa "ameacha mjane" au "mkewe alimtangulia". Mimi siafiki. Vifaa vile vya mwanzo vingeua watu kama zisingekuwa zile asubuhi za penseli. Angalau mumewe hakumficha. Kila aliposimulia kazi ile, alimsimulia na yeye. Kuna waume humu wamejengewa biashara na wake zao, na ukiwauliza waliwezaje wanakwambia "ni juhudi zangu na Mungu".

Kwa miaka miwili ya banda alitengeneza kwa mkono vifaa 50. Arobaini vikaenda kwa wanyama wa majaribio, kumi kwa binadamu. Mgonjwa wa kwanza wa Buffalo, mwaka 1960, alikuwa mzee wa miaka 77, akaishi miezi 18 zaidi. Miezi 18 inaweza kuonekana michache ukiwa na miaka 30. Muulize mwenye baba wa miaka 77.

Nisije nikaonekana napamba. Greatbatch hakuwa mtu wa kwanza kabisa kuweka kifaa hicho ndani ya binadamu. Wasweden walimtangulia. Oktoba 8, 1958 mjini Stockholm, daktari Åke Senning alimpandikiza Arne Larsson kifaa kilichoundwa na mhandisi Rune Elmqvist. Cha kwanza kilidumu saa chache tu. Na hapo pia nyuma kuna mwanamke. Arne alikuwa anazimia mara nyingi kwa siku, na mkewe, Else-Marie, ndiye aliyewaganda wale wataalamu wawili mpaka wakakubali kujaribu kitu ambacho walikuwa hawajakikamilisha kwa binadamu. Arne akabadilishiwa vifaa zaidi ya ishirini maishani mwake, akafariki Desemba 2001 akiwa na miaka 86, akiwa amewazika daktari na mhandisi wote wawili. Mke king'ang'anizi si laana, mnaona.

Tofauti ya Wilson ni kwamba chake kilidumu, na kikatengenezwa kwa wingi. Alikipa leseni Medtronic ya Minneapolis, kampuni ambayo nayo ilianzia gereji mwaka 1949, Earl Bakken na shemeji yake wakikarabati mashine za hospitali. Hati ya hakimiliki ya ubunifu wake ikatoka mwaka 1962.

Mtu mwingine hapo angekaa kwenye kiti cha uvivu akahesabu hela. Yeye akaona aibu moja: betri. Zile za zebaki zilitakiwa zidumu miaka mitano, zikawa zinakufa baada ya miwili hivi, na kila zikifa mgonjwa anarudi kupasuliwa. Mwaka 1970 akaanzisha kampuni yake ya betri, akachukua ugunduzi wa wengine wa betri ya lithiamu na ayodini akaurekebisha mpaka ukafaa kukaa mwilini. Kuanzia mwaka 1972 betri hizo zikaanza kuwekwa kwa wagonjwa, na umri wa kifaa ukapanda hadi miaka kumi na zaidi kwa wengi. Mgeni wa shangazi yangu ni wa ukoo huo wa lithiamu. Mmoja wa watoto wake, Warren, baadaye aliiongoza kampuni hiyo. Yaani kitu kilichoanza kwa mama kugonga kwa penseli kikaishia kuwa ofisi ya mtoto.

Uzeeni hakutulia. Alikuwa na hati za ubunifu zaidi ya 150. Alitembelea shule kuzungumza na watoto, na alipenda kuwaambia kwamba katika mambo kumi aliyojaribu, tisa yaligoma, na la kumi likalipia yale tisa. Mwaka 1996 akapewa tuzo ya Lemelson-MIT ya mafanikio ya maisha. Mimi ninachokipenda kuliko tuzo ni ule mtumbwi. Alipofikisha miaka 72 alijitengenezea mtumbwi unaosukumwa na umeme wa jua, akasafiri nao maili 160, kama kilomita 257, kwenye maziwa ya Finger Lakes ili kusherehekea siku yake ya kuzaliwa. Babu wa miaka 72! Sisi tukifika 40 tunasema magoti.

Eleanor alifariki Januari 2011, baada ya miaka 66 ya ndoa. Wilson alibaki peke yake miezi minane, akamfuata Septemba. Sitaki kusema alikufa kwa upweke, mtu wa miaka 92 ana sababu nyingi za kuondoka. Ila nilipozipanga tarehe hizo mbili pamoja nilifunga kompyuta nikaenda kukaa nje kidogo.

Tangu miaka hiyo teknolojia imekimbia. Siku hizi kuna betri ya moyo yenye umbo la kidonge kikubwa, haina waya, inapitishwa kwenye mshipa wa paja mpaka ndani ya moyo. Nilimwonyesha shangazi picha yake kwenye simu. Akaiangalia sana, akasema wa kwake amemzoea, asiletewe mwingine. Kisha akaniuliza yule fundi alikuwa na mke? Nikamsimulia habari za oveni na penseli. Akacheka mpaka akashika kifua, nikaogopa. Akasema, "Mwanamke huyo alimpenda sana, au alikuwa anataka amalize atoe yale makorokoro chumbani."

Haya, dada yangu wa meseji. Wazee usiwaite bado. Kaa na mumeo Jumamosi, siyo usiku akiwa amechoka, na usianze na "nilijua tu". Mwambie akuonyeshe hiyo mashine inavyofanya kazi, uishike kwa mkono wako. Wanawake wengi tunapinga kitu ambacho hatujawahi hata kuingia stoo kukiangalia, halafu wanaume nao wanatufungia mlango wa stoo kama vile tutaiba. Muulize pesa iko wapi na itafika mwezi gani. Muulize kodi na ada ziko kwenye hesabu au ziko kwenye imani. Kama wazo halijafika pa kuachia kazi, abaki kazini kwanza, hata Wilson alianza akiwa bado na mshahara wa chuo. Na umuulize kazi yako wewe humo ndani ni ipi, kwa sababu kama jibu ni "wewe nivumilie tu", mimi binafsi ningesita.

Ukishapata majibu niandikie, nitakujibu. Na akiomba kuleta oveni chumbani, mwambie akuonyeshe kwanza bustani iko wapi.

Wakwe tutakutana nao mwezi ujao.